Je, Wajua? Kilti, Shuka, Kikoi na Kizibao cha Bei Nafuu

Je, wajua kwamba kizibao cha kuvaliwa na kilti, ile sketi ya mikunjo ya wanaume wa Kiskoti, si kile cha suti? Kilti ya mwanamume hufungwa juu, usawa wa kitovu au hata kukipita, ilhali suruali za siku hizi hukaa chini, nyongani. Kwa hivyo kizibao cha kilti hukatwa kifupi, kikafunika ukingo wa juu wa kilti na kuishia hapo. Cha suti huteremka zaidi na huwa na ncha mbili ndefu mbele. Ukivaa hicho cha suti, ncha zitaulalia ule mkoba wa ngozi unaoning'inia mbele ya kilti, na nyuma kitapanda juu ya mikunjo kisimame kama mkia wa jogoo.

Je, wajua kwamba tofauti hiyo ya sentimita chache ndiyo inayowachuna watu pesa? Vizibao vinavyouzwa kwa jina la kilti ni vichache, hutoka mbali na bei yake si ya mchezo. Fundi mwenye mkasi mkali na cherehani pale Kitengela, hapa Kajiado, anaweza kuziondoa sentimita hizo wakati wewe unakunywa chai.

Sasa ukisema hakuna mtu wa Kajiado anayevaa kilti, subiri. Bwana harusi anayefunga shuka kiunoni, mzee wa Lamu mwenye kikoi, na Mskoti mwenye kilti wana shida moja: nguo ya chini haina ukanda wa suruali wala mifuko, na juu panahitaji kitu cha kuufunika mfungo bila kuificha nguo yenyewe. Kitu hicho ni kizibao, hafukoti kwa lugha ya maduka.

Je, wajua ni nani aliyekianzisha kizibao cha suti? Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza. Oktoba 1666, wiki chache tu baada ya moto mkubwa kuiteketeza London, alitangaza kwamba atavaa fulana ndefu ya namna mpya na hataiacha. Samuel Pepys, karani wa serikali aliyekuwa na shajara ya kila siku, aliliandika tangazo hilo. Fulana hiyo ya mwanzo ilifika karibu na magoti. Ilichukua zaidi ya karne moja kupanda hadi kiunoni, kwa hiyo fundi anayeipandisha sentimita nyingine tano hatendi dhambi yoyote.

Je, wajua kwa nini kifungo cha chini cha kizibao huachwa wazi? Husimuliwa kwamba Mfalme Edward wa Saba alinenepa hadi kifungo hicho kikagoma, na watu wa jumba lake wakamwiga kwa heshima. Iwe kweli au porojo, desturi imebaki. Ukimwona bwana harusi pale Noonkopir, mjini Kitengela, amefunga vifungo vyote na tumbo linapiga kelele, mnong'oneze.

Kwa vazi la kilti, desturi za kawaida ni mbili: kizibao cha vifungo 3 chenye uwazi mkubwa kifuani, kinachovaliwa na koti fupi la usiku liitwalo Prince Charlie, na cha vifungo 5 kinachovaliwa na koti la mchana liitwalo Argyll. Cha 5 ndicho rahisi kukipata kwa njia yetu, kwa sababu vizibao vingi vya suti huwa na vifungo 5 au 6. Kikiwa na 6, punguza urefu, kifungo cha chini kiende na kipande kilichokatwa, hesabu itimie.

Na je, wajua kwamba ukivaa kizibao na kilti hupaswi kuvaa mkanda? Bizimu kubwa la chuma la mkanda wa Kiskoti huvimba chini ya kitambaa likafanya tumbo lionekane kama umeficha kitu. Chagua kimoja. Hapo pia umeokoa pesa.

Haya, sokoni.

Je, wajua kwamba katika biashara ya mitumba ya Nairobi na vitongoji vyake, nguo bora zaidi ya bale huitwa kamera na makapi ya mwisho huitwa fagia? Bale ikifunguliwa asubuhi, wenye macho huwa wameshaizunguka, wengi wao wauzaji wa rejareja watakaozipiga pasi na kuzitundika madukani. Kizibao hakiwatii wazimu. Wanakimbilia jaketi, jinzi na viatu. Hiyo ndiyo bahati yako: kizibao kilichotenganishwa na suti yake ni yatima, kinakaa chini ya rundo hadi jioni, na bei yake hushuka na jua.

"Mama, hiki ngapi?"

"Hiki ni kamera, mwanangu. Angalia bitana."

"Suti yake iko wapi?"

Swali hilo la pili ndilo silaha. Muuzaji anajua haipo.

Sasa kikague. Anza na mabega, kwa sababu mabega ndiyo sehemu ambayo fundi akiigusa, umelipa kazi ya kushona upya. Yakikaa sawa, urefu usikutishe, hata upana usikutishe, kwani mgongoni kuna kamba na bizimu la kubana na pembeni kuna mshono wa kupunguza. Chunguza bitana chini ya kwapa, ndipo panapooza kwanza. Halafu kamata kitambaa cha mbele kati ya vidole viwili ukisugue taratibu. Vizibao vingi vya viwandani hugandishwa ndani kwa kitambaa chenye gundi. Gundi ikiachia baada ya kufuliwa vibaya, uso wa nguo hutoa malengelenge madogo, na hakuna pasi duniani itakayoyaondoa. Hicho kirudishe kwenye rundo, hata ukipewa kwa bei ya andazi.

Kwa fundi, nenda umevaa ile nguo ya chini, iwe kilti, shuka au kikoi, na uifunge pale pale utakapoifunga siku yenyewe. Watu hubeba kizibao mkononi, fundi anapima juu ya jinzi, kisha wanalaumiana. Akishaweka chaki, kaa kwenye kiti, simama, inua mikono yote miwili juu. Shati likichungulia kati ya kizibao na kilti, chaki iko juu mno. Lisipochungulia na kitambaa kisipojikunja tumboni unapokaa, mwambie akate. Ncha za mbele ama zifupishwe ama ziondolewe kabisa ukingo uwe mnyoofu. Bitana ikatwe fupi kidogo kuliko kitambaa cha nje ili isichungulie. Kisha pasi, pasi ya kweli, yenye kitambaa chenye maji katikati.

Je, wajua kwamba nchi za Afrika Mashariki ziliwahi kukubaliana kuachana na mitumba? Ilikuwa 2016, na lengo lilikuwa 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, Kenya ikajiondoa mwaka 2017, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikanyang'anywa mwaka 2018 nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Na 2020, korona ilipoingia, Kenya yenyewe ilisimamisha uingizaji wa mitumba kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Agosti.

Je, wajua kwamba sheria za ubora za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa nguo za ndani zilizovaliwa? Nalitaja hili kwa sababu swali la kwanza ambalo kila mtu humuuliza mvaaji wa kilti ni kuhusu kilichoko chini yake. Mjini kwetu angalau jibu lisiwe mtumba.

Je, wajua kwamba Kitengela, mji wa zaidi ya watu 150,000 kwa sensa ya 2019, umepakana na mojawapo ya vituo vikubwa vya kushona nguo nchini? Eneo la viwanda vya mauzo ya nje (EPZ) la Athi River lilitokana na sheria ya 1990, na tangu Marekani ilipopitisha mwaka 2000 mpango wa AGOA wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, viwanda vyake vimekuwa vikishona nguo za kusafirishwa huko. Wafanyakazi wengi huishi Kitengela na huvuka kwenda kazini alfajiri. Suruali inaweza kushonwa Athi River, ikavaliwa Chicago, ikarudi katika bale ikauzwa mita chache kutoka nyumbani kwa aliyeishona. Lakini la muhimu kwa mtafuta kizibao ni hili: mji umejaa watu wanaoijua cherehani. Wapo waliotoka kiwandani wakafungua kibanda, na mkono uliozoea kushona kola mia kwa siku hauchelewi kwenye kizibao kimoja.

Je, wajua kwamba kilti kamili ya mwanamume hula takriban yadi 8 za kitambaa cha sufu, yaani zaidi ya mita 7? Mikunjo yote iko nyuma, mbele ni bapa, na kipande cha juu cha mbele hufungiwa upande wa kulia. Kwa hiyo ukiona sketi ya miraba kwenye mitumba, yenye mikunjo kuizunguka yote, hiyo ni sketi ya shule ya msichana fulani wa Ulaya. Ni nzuri, ila usiende nayo kwenye harusi ukisema babu yako ni Mskoti.

Sufu hiyo ina joto. Kitengela mwezi wa Julai utashukuru, Magadi mwezi wowote utajuta.

Je, wajua kwamba kilti ilipigwa marufuku? Baada ya uasi wa Waskoti wa milimani kushindwa, bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1746 ya kuwakataza wanaume mavazi yao ya asili. Haikuondolewa hadi 1782.

Sasa vuka mpaka wa Namanga. Mwaka 1967 na 1968 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya kuwavisha Wamaasai suruali, wenye mavazi yao ya asili wakazuiwa kupanda mabasi na kuingia ofisini. Maelezo yalikuwa maendeleo na usafi. Miaka mia mbili na ushee kati ya London na Arusha, na watawala wa pande zote mbili waliona hatari ile ile katika kitambaa kilichofungwa bila miguu miwili. Leo Mskoti huvaa kilti siku ya harusi yake, na kwenye mabango ya utalii ya nchi zote mbili za kwetu mwenye shuka ndiye anayewekwa mbele.

Je, wajua kwamba Mskoti mmoja alipita kwa miguu katika ardhi ambayo sasa ni Kajiado mwaka 1883? Joseph Thomson, kijana wa miaka 25, alitoka upande wa Kilimanjaro, akakatiza tambarare za Amboseli na kuendelea hadi Ngong na Naivasha. Ndiye ambaye swala tomi na yale maporomoko ya Nyahururu yalipewa jina lake. Kilichonifurahisha mimi katika safari hiyo ni mambo ya fasheni. Kabla ya kuingia Umaasaini ilibidi shanga zake zitungwe upya kwa urefu ambao Wamaasai waliukubali, na vitambaa vishonwe upya viwe mavazi ya kivita ya morani, kwa sababu mali isiyofuata mtindo wa mahali haikununuliwa. Kampuni nyingi za leo zinazoleta nguo bila kuuliza wateja zingejifunza kitu kwake.

Huwa tunaambiwa kwamba miraba ya shuka ililetwa na wamishonari wa Kiskoti. Ni kweli Waskoti walifungua misheni Kibwezi mwaka 1891 na kuihamishia Kikuyu mwaka 1898. Lakini miraba haihitaji mmishonari. Panga nyuzi za rangi mbili kwa wima, pitisha nyuzi za rangi hizo hizo kwa mlalo, na miraba inajitokeza yenyewe kwenye mtambo wowote wa kufuma, uwe wa Uskoti, Madras au Arusha. Kilicho cha Wamaasai ni uchaguzi: nyekundu ile, mahali pale, begani vile.

Je, wajua kwamba Uskoti ina daftari la serikali la kusajili miraba? Lilianzishwa kwa sheria ya 2008 na kufunguliwa 2009. Wamaasai hawana daftari la namna hiyo, na mwaka 2012 Louis Vuitton ilipotoa mavazi ya kiume yenye miraba ya shuka, hakuna boma lililopokea hata shilingi. Tangu hapo kumekuwa na juhudi za kudai haki hiyo, na Koy Clothing ya Uingereza ni miongoni mwa waliokubali kulipa.

Je, wajua kwamba shuka moja inatosha sehemu ya mbele ya vizibao viwili? Shuka ya kawaida ina takriban mita 1.5 kwa 2. Mgongo hushonwa kwa kitambaa cha bitana, cheusi au chekundu. Hiki ndicho kizibao cha harusi za Kajiado kwa sasa: mbele shuka, mgongo wa kung'aa, shati jeupe, na wasimamizi wote sare. Bei yake hupungua mkienda kwa fundi kama kundi. Lakini msimamie kwenye jambo moja. Miraba ya kushoto na ya kulia lazima ikutane pale vifungo vinapofunga, mstari uendelee bila kukatika. Fundi mvivu atakwambia haionekani. Inaonekana, tena katika kila picha, maisha yako yote. Na kama shuka ni ya akriliki, pasi iwe ya uvuguvugu, maana ikizidi moto kitambaa kinayeyuka na kung'aa pale ilipopita.

Usivae shuka kiunoni na kizibao cha shuka hiyo hiyo juu. Macho ya watu yachoke ya nini? Kizibao cha rangi moja juu ya miraba, au miraba juu ya rangi moja. Waskoti wenyewe mara nyingi huvaa kizibao cheusi au cha kijivu juu ya kilti, na kwa hili wako sahihi.

Je, wajua kwamba watu wa pwani walishalimaliza suala hili zamani? Kikoi chini, kizibao juu, kofia ya kushonwa kichwani: hilo ni vazi la mwungwana wa Lamu na Unguja tangu enzi za mashua. Kizibao cha pwani hukatwa kifupi na kinyoofu, hakina ncha, mara nyingi huachwa wazi mbele na hupambwa kwa nakshi za uzi kwenye ukingo. Kwa maneno mengine, kiko karibu na kizibao cha kilti kuliko chochote utakachokikuta kwenye duka la suti. Ukipata cha rangi nyeusi au ya kahawia, hakihitaji hata mkasi.

Waomani nao hufunga wizari chini ya kanzu, na Waganda wakaamua kuvaa koti zima juu ya kanzu. Kila bahari na ziwa na fundi wake.

Je, wajua kwamba kampuni moja ya Uingereza ilitaka kulisajili jina la kikoi kama alama yake ya biashara? Wakenya walipinga, na ombi likaanguka.

Je, wajua kwamba Idi Amin, mtawala wa zamani wa Uganda aliyepikwa kijeshi ndani ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, alikuwa na bendi ya wanajeshi wa Uganda waliovaa kilti na kupuliza zumari za Kiskoti? Alijitangaza mfalme wa Uskoti. Waskoti hawakumpigia kura.

Wanaovaa kilti vizuri zaidi Afrika, kwa maoni yangu, ni wasapere, wale watanashati wa Brazzaville na Kinshasa. Wao huhesabu rangi: zisizidi tatu kwa mwili mzima. Kwa mtu anayenunua mtumba hii ni kanuni ya dhahabu, kwani kizibao cha kijivu cha bei ya chini kikishikana na rangi moja ya shuka kinaonekana cha gharama, na cha bei ghali chenye rangi ya nne kinaonekana cha kuazima.

Je, wajua mahali ambapo vazi hili lote halitakuvusha mlangoni? Bunge la Taifa. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliwakataza wabunge suti za Kaunda na mavazi ya Kiafrika ukumbini, akisisitiza koti, kola, tai, shati la mikono mirefu na suruali ndefu. Kizibao peke yake hakikutajwa, ila suruali ndefu ilitajwa.

Vifungo je? Vya plastiki vinavyokuja na kizibao ndivyo vinavyoifichua bei. Vibadilishe. Vya chuma visivyong'aa sana hupatikana kwa wauza vifaa vya ushonaji, na shanga kubwa ya kioo hugeuka kifungo ikiwa na tundu pana la kutosha. Kando ya mbuga ya taifa ya Nairobi, mafundi wa Kitengela Glass wamekuwa wakitengeneza vitu vya vioo vilivyotumika tena kwa miaka mingi, shanga zikiwamo. Vifungo 5 vya kioo cha chupa ya kijani juu ya kizibao cheusi: Mskoti atakuuliza ulivipata wapi.

La mwisho ni mifuko. Kilti haina hata mmoja, ndiyo maana Waskoti huning'iniza ule mkoba mbele, na shuka hali ni ile ile. Fundi viatu wa ngozi anaweza kukushonea mkoba wa namna hiyo, lakini kabla hujalipa, tazama kizibao chako vizuri. Mifuko yake midogo mara nyingi imefungwa kwa uzi wa kiwandani ambao mwenye nguo wa kwanza hakujisumbua kuukata. Ukate kwa wembe, taratibu, uzi baada ya uzi. Humo hutoshea saa au funguo, simu haitoshei. Kwa simu mwambie fundi, wakati bitana bado iko wazi na hajafunga ule mshono wa chini, akuwekee mfuko wa ndani upande wa kushoto, wenye zipu, na kina cha kutosha kwa simu kusimama. Akimaliza kushona ndipo ukamwambia, atakudai kazi ya pili, na atakuwa na haki.